Mawese ya Rumonge: Mnunuzi wa Mara ya Kwanza Achague Mashine Zipi za Kutembelea?

Mfanyabiashara anayekwenda mwambao wa Burundi kununua mawese kwa mara ya kwanza hukuta mashine nyingi za kukamulia, na kila mwenye mashine husema mafuta yake ni mazuri. Hawezi kuzitembelea zote. Jambo la kwanza la kuangalia ni muda ambao chikichi zimekaa tangu zikatwe. Bei huja baadaye.

Sababu yake ni hii: chikichi ikishakatwa na kupondeka, mafuta yaliyomo huanza kuchachuka. Kuichemsha mapema huzuia jambo hilo. Mashine inayopokea chikichi na kuzichemsha siku hiyo hiyo au kesho yake hutoa mawese matamu. Ile inayoziacha siku nyingi ili ziachie mkungu kwa urahisi hutoa mawese makali, yanayofaa zaidi sabuni kuliko chakula. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu asidi isiyozidi miligramu 10 za KOH kwa kila gramu ya mawese yasiyosafishwa kiwandani.

Kupanga ziara

Chagua mashine tatu tu kwa siku. Kutoka Bujumbura, barabara ya RN3 hupita Magara, katika eneo la Bugarama, kabla ya kufika Rumonge mjini, umbali wa karibu kilomita 75. Dereva aelezwe vizuri, kwani ipo Bugarama nyingine Muramvya kwenye RN1, na nyingine Rwanda karibu na mpaka.

Fika wakati kazi inaendelea. Angalia lundo la chikichi: zikiwa na ukungu au harufu ya uchachu, endelea na safari. Uliza pia ni za aina gani. Dura ina gamba nene. Tenera ina gamba jembamba na nyama nyingi, hivyo hutoa mafuta zaidi. Aina peke yake haifanyi mawese kuwa mazuri au mabaya.

Kuonja

Onja kabla ya kutaja bei. Pasha moto kijiko kimoja, nusa, kisha onja kidogo. Mawese mazuri yana harufu ya tunda na hayawashi kooni. Harufu ya kuungua inaonyesha yamepikwa kupita kiasi. Yakilia na kurukaruka katika sufuria, yana maji. Suuza kinywa kabla ya kwenda mashine nyingine.

Mawese kuganda asubuhi si dosari, ni baridi tu. Lakini rangi nyekundu iliyozidi isikuvutie: mwaka 2015 nchini Ghana yalipatikana sokoni mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyofaa kuliwa. Ulimi hauwezi kuitambua, inahitaji maabara.

Kabla ya kulipa

Fungua madumu kadhaa, au bidoni kama yanavyoitwa huko, na uchukue mafuta ya chini pamoja na ya juu. Funga chupa moja ya sampuli mbele ya muuzaji, nyote wawili mtie sahihi. Msafirishaji akumbuke kuwa lita 20 za mawese zina uzito wa karibu kilo 18, bila dumu.

Ulizia Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR) masharti ya kutoa mawese nje ya nchi kabla ya kununua. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007 na Kongo tangu 2022. Cheti rahisi cha uasilia hutumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, iwapo bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Wanaokwenda Kigoma hupita Mugina na Manyovu; wanaokwenda Uvira kupitia Gatumba waulizie kwanza hali ya mpaka.

Ukipata mashine moja inayochemsha chikichi mapema, safari ijayo anza na hiyo. Hata hivyo, onja tena kila mzigo, kwani chikichi za leo si zile za wiki iliyopita.