Mkono wa Mwenyewe na Mkono wa Fundi

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mashairi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyovitengeneza vyombo vyao vinapoharibika, na katika kujua ni nani apasaye kuvitengeneza.

Tuanze pwani. Mtepe wa visiwa vya Lamu haukuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi. Maji yalipenya daima, na mabaharia wenyewe waliyachota na kuyamwaga. Hata katika majahazi ya misumari, mabaharia hukipandisha chombo ufukoni, wakakipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini wakaipaka chokaa iliyochanganywa na shahamu ili kuwazuia wadudu watoboao mbao. Lakini mkuku ukipasuka au taruma likioza, huitwa fundi. Kosa dogo lifanywalo nchi kavu huweza kulipwa kwa roho za watu baharini.

Nyumbani nako desturi ilikuwa hiyo hiyo. Mwenye nyumba ya udongo alikandika ukuta wake na kuezeka makuti mapya, majirani wakimsaidia. Bali boriti za dari ya nyumba ya mawe ziliachiwa waashi.

Magari yalipoenea, desturi hii ilijaribiwa upya. Bei ya mafuta ilipanda ghafula mwaka 1973 na 1974, ikapanda tena mwaka 1979, wakati ambapo Tanzania ilikuwa imebeba gharama za Vita vya Kagera. Fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri navyo vikaadimika. Dereva hakuwa na budi kujifunza kusafisha plagi, kuziba pancha na kubadili mkanda wa feni. Chini ya miembe, katika zile gereji ziitwazo bubu, mafundi walichonga vipuri kutokana na vyuma vya magari yaliyokufa. Huo ni ustadi wa kujivunia.

Hata hivyo, ujasiri usio na mpaka huleta msiba. Hewa ikiingia katika bomba la mafuta ya breki, pedali huzama na gari lisisimame. Vivyo hivyo, mtu abadilishaye fyuzi iliyoungua kwa kutia waya mnene huiondoa ile kinga iliyowekwa kuilinda nyumba na moto. Taa zitawaka, naye atadhani amefaulu.

Basi, kabla ya kushika bisibisi, na tujiulize: nikikosea, ni nani atakayeumia? Ikiwa hasara ni jasho letu tu, tujaribu, maana ndivyo tunavyojifunza. Ikiwa ni uhai wa abiria au wa watoto waliolala, tumwite fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tukumbuke kwamba ufa wa lipu huzibwa na mwenye nyumba, lakini ufa wa msingi humngoja mwashi.