Kwezi wa Ukambani na Jina la Mjerumani

Wasee, hebu niulize. Ndege akiwa ameishi kwenu tangu enzi za babu wa babu yako, "anagunduliwaje" na mtu aliyeshuka melini Mombasa juzi?

Hilo neno lilinikera kwa muda mrefu, hadi nikasoma vile kazi yenyewe hufanywa. Kwa wanasayansi, kugundua spishi si kuiona. Ni kuitetea kwa maandishi. Unatoa sampuli moja inayohifadhiwa mahali watu wanaweza kuikagua, unaeleza inavyotofautiana na jamaa zake wa karibu, unaipa jina la Kilatini, unachapisha. Bibi yako kule Nunguni anaweza kuwajua ndege wote wa Kilungu kwa sauti, lakini kama hajachapisha, kitabu hakimtambui. Ni ukali, najua. Lakini ndiyo sheria ya mchezo.

Sasa turudi mwaka wa 1877. Mjerumani mmoja, Johann Maria Hildebrandt, anatoka pwani akitaka kufika Mlima Kenya. Anafika Kitui, halafu safari inaishia hapo. Mlima hakuupata, ila aliondoka Ukambani na ndege na mimea iliyokaushwa, vyote kwa ajili ya Ulaya. Mwaka uliofuata, 1878, mtaalamu wa ndege wa Berlin aliyeitwa Jean Cabanis akachapisha maelezo ya kwezi mmoja kutoka Ukamba na kumpa jina la msafiri: kwezi wa Hildebrandt. Kwale mmoja naye akapewa jina hilohilo. Waliombebea mizigo na kumwonyesha njia hawamo kwenye jina lolote kati ya hayo.

Kwezi huyo unamjua, hata kama hujui unamjua. Mgongo wa buluu inayong'aa, tumbo la rangi ya chungwa. Shida ni kwamba kuna mwingine wa karibu kufanana naye, yule anayeruka juu ya meza za hoteli akiiba chapati. Huyo alikuwa ameshaelezwa mwaka wa 1845 na Eduard Rüppell, kutokana na ndege wa Ethiopia. Kwa hivyo Cabanis alihitaji kuonyesha kwamba huyu wa Ukamba ni mwingine kabisa. Tazama jicho: mwizi wa chapati ana jicho jeupe, wa Hildebrandt ana jicho jekundu. Tazama kifua: mwizi ana mstari mweupe unaotenganisha buluu na chungwa, mwenzake hana. Geuza macho chini ya mkia: mmoja mweupe, mwingine chungwa hadi mwisho. Hiyo tu. Miaka karibu 150 na bado ndivyo watu huwatofautisha.

Mimea haikuwa na bahati hiyo. Mingi ya Hildebrandt iliwekwa Berlin, na Machi 1943 mabomu yaliunguza jengo la mimea iliyokaushwa kule Dahlem. Sampuli ndiyo mizizi ya jina. Ikipotea na wataalamu wakibishana, hakuna pa kurejea. Bahati nzuri nakala kadhaa zilikuwa zimetumwa makumbusho mengine ya Ulaya. Lakini fikiria: ushahidi wa majani ya Kitui uliteketea katika vita ambavyo Kitui haikuvianzisha. Ndiyo maana mimi hufurahi kwamba leo Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa, kuna hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki.

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya kubishania rangi ya macho. Sawa, tuache ndege, tuongee nyoka.

Kwenye maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya kuna swila mkubwa wa kahawia anayetema sumu. Kwa miaka mingi vitabu vilimchukulia kuwa ni yule swila mwenye shingo nyeusi, ila wa rangi tofauti. James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu, alishuku tangu miaka ya 1960 kwamba ni nyoka mwingine. Mwaka wa 2004 mmoja aliyekamuliwa hapo alitoa zaidi ya mililita 6 za sumu kwa mara moja. Ila ilibidi kungoja hadi 2007, wakati Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipochapisha maelezo yake, DNA ikiwa imeonyesha kwamba yuko karibu zaidi na swila wa Msumbiji kuliko yule wa shingo nyeusi. Akaitwa Naja ashei. Miaka 40 ya kushuku, manze, na wakati huo wote kila aliyeumwa naye angeandikwa hospitalini kwa jina la nyoka mwingine.

Majina ya zamani hayabadilishwi kwa sababu tu hatuyapendi. Jina lililotangulia ndilo hubaki. Mimi sina shida na hilo. Ninachotaka ni zamu yetu kwa haya yanayokuja. Inawezekana: mwaka wa 1956 G. W. Reynolds alieleza mshubiri unaoota kwenye miamba ya Kitui, na badala ya kuupa jina la mtu akauita Aloe ukambensis.

Na mkienda ushago Desemba, mkamwona kwezi, msianze kubishana kabla hamjaangalia jicho.