Leseni ya biashara si cheti cha ujuzi: Unachopaswa kudai kwa fundi wa usafi

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KUOSHA mazulia na makochi, kusafisha matangi ya maji, kupuliza dawa ya wadudu na kukausha nyumba zilizoingiwa na maji ni kazi ambazo mkazi wa Arusha hulazimika kumtafutia fundi angalau mara moja kwa mwaka. Vumbi laini la udongo wa volkano unaoizunguka miteremko ya Mlima Meru huingia hadi chini ya zulia wakati wa kiangazi, na masika yakifika, matope huchukua nafasi yake.

Hata hivyo, mtu anayeingia sebuleni na mashine yake hushika kemikali, umeme na maji kwa wakati mmoja, na mara nyingi mwenye nyumba humpokea bila kumuuliza alijifunzia wapi kazi hiyo.

Wako wanaoridhika wakionyeshwa leseni ya biashara, namba ya mlipakodi au usajili wa jina la biashara kutoka BRELA. Nyaraka hizo zina umuhimu wake, kwani zinathibitisha kuwa biashara inatambulika. Lakini hazisemi lolote kuhusu ujuzi wa aliyeshika brashi.

Hasara ya kutojua huanza na vitu vidogo. Jiki ikimwagwa kwenye zulia la sufi haliondoi doa tu, bali huzila nyuzi zenyewe. Asidi ya kusafishia choo ikipita juu ya tarazo au jiwe la marumaru halisi, hulichubua na kuuondoa mng'aro wake, na hapo sabuni haisaidii tena. Ni kusugua upya kwa mashine.

Baya zaidi ni kuchanganya dawa hizo mbili kwa imani kuwa zikiwa pamoja zitakuwa na nguvu zaidi. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua. Aliyefundishwa hujifunza jambo hili mapema kabisa; aliyejifundisha mwenyewe huenda akalijua siku anapokosa pumzi.

Nyumba iliyoingiwa na maji inahitaji ujuzi wa aina nyingine. Masika ya Aprili 2024, yaliyoleta mafuriko na vifo jijini Arusha, yaliwaacha wengi na magodoro yaliyolowa na kuta zenye unyevu.

Katika fani hii, maji hugawanywa katika makundi matatu: maji safi, kama yale ya bomba lililopasuka, maji yaliyotumika, kama ya kufulia, na maji machafu, yakiwamo ya chooni na ya mafuriko. Zulia lililoloweshwa na maji safi huweza kuokolewa likishughulikiwa haraka. Lililoloweshwa na maji ya chooni hutupwa, hata kama lilinunuliwa kwa bei ya ng'ombe.

Aidha, kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 katika jipsamu, mbao na vitambaa vilivyolowa. Fundi anayefuta sakafu, akapaka rangi ukuta ambao bado una maji ndani yake na kuchukua fedha zake, ameufungia unyevu humo. Baada ya muda rangi hubanduka. Mjuzi huja na kifaa cha kupima unyevu, naye hakubali kuwasha umeme kabla nyaya hazijakaguliwa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Mgawanyo huo wa maji umewekwa katika viwango vya taasisi ya Marekani ya IICRC, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo hutoa vyeti kwa mafundi wa usafi na urejeshaji wa majengo. Uingereza ilikuwa na chombo chake cha taaluma ya usafi, BICSc, tangu mwaka 1961. Hoteli na kambi za kitalii zinazopokea wageni wa nje zina sababu ya kuyafahamu majina hayo.

Kwa hapa nchini, mahali pa kuanzia ni Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo ina chuo cha hoteli na utalii Njiro. VETA pia huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kurasimisha ujuzi wao, hivyo kisingizio kwamba mtu hakupata ada ya chuo kimepungua uzito.

Msomaji awe makini na madaraja. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza la juu. Katika mfumo wa sasa wa ngazi, ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ya juu. Wapo wanaonufaika na mkanganyiko huo.

Upulizaji wa dawa una mlinzi wake, na yuko jirani. Taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ilikuwa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, na majukumu yake yalihamia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Mwenye shaka na mpuliza dawa anaweza kuuliza huko kabla watoto hawajarudi kulala chumbani.

Kwa wanaosafisha matangi, swali moja linatosha kumpima mtu. Akiahidi kwamba klorini yake itaondoa floraidi, ambayo ni tatizo linalojulikana la maji ya ukanda wa Meru, mwache aende. Klorini huua vijidudu. Floraidi huondolewa kwa njia nyingine, kama vichujio vya mkaa wa mifupa vilivyofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto.

Mashimo ya maji taka ndiyo yanayoua. Gesi ya salfidi ya haidrojeni hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi hupoteza uwezo wa pua kunusa, na mhusika hudhani imekwisha. Anayeshuka kumwokoa mwenzake bila kifaa cha kupumulia huanguka juu yake. Asitumwe mtu shimoni kwa malipo ya siku. Liitwe gari la kunyonya maji taka.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kampuni inayoleta vijana wenye kandambili na mikono mitupu imekwisha kujieleza.

Mwisho, iulizwe kampuni kama imesajiliwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Kijana akianguka kutoka kwenye ngazi akifuta madirisha ya ghorofa, usajili huo ndio utakaoamua kama matibabu yake yatalipwa na mfuko au yatagombaniwa getini kwako.