Mashungi ya Jua na mistari miwili ya silikoni

Picha za kupatwa kwa Jua, hasa zilizopigwa miaka ambayo Jua limetulia, huonyesha kitu kwenye ncha zake mbili: mashungi membamba ya mwanga yaliyosimama na kutanuka kidogo kwa juu, mithili ya unga wa chuma uliomwagwa karibu na sumaku. Wanaastronomia wa karne ya 19 waliyachora na kuyapiga picha, na wengine wakahisi kwamba Jua lenyewe lina usumaku. Lakini mwanga mweupe hausemi shungi lina joto kiasi gani, wala gesi yake inakimbilia wapi.

Majibu yalikuwa kwenye urujuanimno, mwanga ambao sehemu yake kubwa huzuiwa na hewa yetu. Ikabidi watu wapande juu. Marekani ilikuwa na roketi za V-2 zilizotekwa Ujerumani, na Richard Tousey na wenzake wa maabara ya jeshi la majini wakapakia spektrografu yao, chombo cha kutawanya mwanga na kuurekodi, huko White Sands, New Mexico. Roketi ya Juni 1946 ilirudi kwa kishindo, ikachimba shimo kubwa, na chombo hakikupatikana. Tarehe 10 Oktoba wakaweka kingine kwenye pezi la mkia, na safari hii filamu ikaokotwa salama.

Mashungi yenyewe yalisubiri kituo cha anga cha Skylab, 1973. Mwaka huohuo, tarehe 30 Juni, kivuli cha Mwezi kilipita kaskazini mwa Kenya, na wanasayansi wa Marekani wakapiga kambi Loiyangalani, kando ya ziwa lililokuwa bado likiitwa Rudolf. Wao walipata dakika chache za giza. Darubini za Skylab zilikodolea Jua macho kwa miezi.

Vipimo vya uhakika zaidi vilikuja na SOHO, chombo kilichorushwa tarehe 2 Desemba 1995 na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani. Ndani yake kulikuwa na SUMER, spektromita iliyosimamiwa na Mjerumani Klaus Wilhelm. Mbinu yake inapendeza kwa urahisi wake. Silikoni iliyopoteza elektroni 7 hutoa mistari miwili jirani ya mwanga, karibu nanomita 144.0 na 144.6. Ioni iliyopandishwa nishati hushuka kwa kutoa mwanga, isipokuwa igongwe na elektroni kabla haijawahi kufanya hivyo, na mstari mmoja huathiriwa na migongano hiyo kuliko mwenzake. Gawanya mng'ao wa mmoja kwa wa pili, nawe unapata msongamano wa elektroni bila kuhitaji kujua unene wa shungi. Kwa joto, walitumia jozi ya magnesiamu.

Ikaonekana kwamba plazima (gesi yenye chaji) ya shungi imesongamana mara kadhaa kuliko ile ya nafasi zilizo kati ya mashungi, na ni baridi zaidi: chini ya kelvini 800,000. Kwenye korona, angahewa ya nje ya Jua, hiyo ndiyo baridi.

Ugomvi ukabaki kwenye upepo wa Jua, ule wa kasi unaotoka kwenye ncha: je, hutoka kwenye mashungi au kwenye nafasi zilizo kati yake? Mashungi husimama pembeni tukiyatazama kutoka huku, hayaji wala hayaendi upande wetu, kwa hiyo mistari yake haihami kiasi cha kutupa kasi. Watafiti wakageukia oksijeni, ambayo ioni zake hurudisha mwanga unaotoka chini. Zikikimbia sana, mwanga ule hauzipati sawasawa, na mstari hufifia. Waliotumia UVCS, chombo kingine cha SOHO, wakasema upepo huenda kasi zaidi kwenye nafasi. Mwaka 2003 Alan Gabriel na wenzake, wakipima chini zaidi kwa SUMER, wakasema mashungi huchangia karibu nusu ya upepo huo. Kwangu mimi pande hizo mbili hazipingani sana kama inavyodhaniwa, maana hazikupima kimo kimoja.

Dawa ya tatizo la pembe ni kuinuka. Mwaka 2025 chombo cha Solar Orbiter kilitumia mvutano wa Zuhura kuinamisha njia yake hadi nyuzi 17, kikazitazama ncha kutoka nje ya bapa la sayari. Njia hiyo imepangwa kufikia nyuzi 24 baada ya kupita Zuhura mwishoni mwa 2026, kisha 33 mwaka 2029.