Chumvi Ipi? Neno "Mumunyifu" na Bakteria wa Kasese

Muuza maji wa Magongo akisimamisha mkokoteni mlangoni huuliza jambo moja tu: "Mama, wataka ya tamu au ya chumvi?" Hapa Changamwe jibu hutegemea kazi. Ya chumvi, ya kisimani, ni ya kudekia na ya chooni. Ukifulia, sabuni haitoi povu. Ya tamu ni ya chai. Sijasikia mtu akimuuliza chumvi ipi. Nami sikuwaza hilo mpaka nilipopewa kazi ya kutafsiri ukurasa mmoja kuhusu chumvi na vijiumbe vinavyotoa madini kwenye mawe.

Utoaji huo wa madini nimeuita uchenjuaji kwa vijiumbe. Kuchenjua ni neno la wachimbaji wa Tanzania, wanaotoa dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa. Nilishauriwa "uchujaji", nikakataa: twachuja tui na chai, ilhali hapa jiwe lenyewe laliwa.

Mfano uko Uganda. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya mgodi wa jirani wa Kilembe ikawa inayeyushwa Jinja, kisha inateremka kwa treni kupitia hapa Changamwe hadi Kilindini. Nyuma, huko Kasese, lilibaki rundo la pairiti, madini ya chuma na salfa, karibu tani milioni moja, lenye kobalti ndani yake. Mvua ikinyesha, maji ya tindikali yalitiririka kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaanza kulitia rundo hilo kwenye matangi yanayopulizwa hewa, bakteria wakile chuma na salfa, kobalti ibaki majini.

Ibaki vipi? Imeyeyuka, tungesema. Lakini shaba ya Jinja iliyeyuka kwa moto. Kobalti hii haikuona moto, imegawanyika tu majini kuwa chembe zenye chaji. Kemia ya Kiswahili ina neno la kutenganisha mambo hayo: kumumunyika, kutoka mumunya, kile afanyacho mtoto na peremende asipoitafuna. Ndipo tunapata mmumunyo, na chumvi mumunyifu.

Tabu ikabaki kwenye "chumvi". Tangi la namna ile limejaa chumvi tele, salfeti ya chuma na ya kobalti, ingawa hakuna atakayezitia mchuzini. Bakteria wake huzivumilia kwa kiasi kikubwa. Zikizidi mno, huwapata yaliyompata papa wa ng'onda: maji ya mwilini huvutwa nje. Hiyo ni osmosisi, na mtu wa pwani haelezwi mara mbili.

Kloridi, ile ya chumvi ya jikoni, huua kwa njia nyingine pia. Bakteria hawa huishi kwenye tindikali kali, lakini ndani ya seli zao tindikali ni hafifu mno. Hujilinda kwa kuweka chaji chanya upande wa ndani wa utando, nayo huzizuia protoni za tindikali, ambazo pia ni chanya. Kloridi ni hasi. Ikipenya utando huizima kinga hiyo, protoni zikamiminika, seli ikachachuka kutoka ndani. Salfeti haipenyi kirahisi hivyo.

Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 19 za kloridi, na wengi wa bakteria hawa hulemaa kabla ya kufika hapo. Kwa migodi ya Chile iliyo jangwani, inayovuta maji baharini, hilo si jambo dogo. Wako wanaostahimili, kama Acidihalobacter prosperus, aliyepatikana kwenye sakafu ya bahari yenye joto la ardhini, kisiwani Vulcano, Italia. Aina hiyo nimeiita vipendachumvi.

Basi palipotajwa sumu nimeandika "kloridi", na "chumvi mumunyifu" nimeiacha kwa zote kwa jumla. Mhariri ameurudisha ukurasa na swali moja pembeni: mumunye si lile la kupika kwa nazi?