Historia fupi ya glavu ya besiboli (na jinsi ya kuitunza Voi)

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, wasomaji wangu. Nataka tuzungumze juu ya teknolojia ya ngozi na kamba.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, mpira wa besiboli ni mgumu, una uzito wa gramu 140 na kidogo, na zamani ulidakwa kwa mikono mitupu! Mwaka 1870 Doug Allison, mdakaji wa timu ya Cincinnati, alivaa glavu kwa sababu mkono ulikuwa umeumia. Mwaka 1875 Charles Waitt wa St. Louis alivaa yenye rangi kama ya mwili ili watazamaji wasiione, maana kujikinga kulionekana kama uoga. Aibu ilianza kwisha Albert Spalding alipovaa glavu nyeusi mwaka 1877. Naye alikuwa anauza vifaa vya michezo, kwa hiyo msishangae sana.

Hizo zote zilikuwa za kupunguza maumivu tu. Toleo la pili, tuseme, lilitoka kwa mrushaji Bill Doak. Mwaka 1919 aliwapelekea kampuni ya Rawlings wazo la kufuma kamba kati ya kidole gumba na cha shahada. Pakapatikana mfuko, na tangu hapo mpira unadakwa na glavu, si kiganja. Kwangu mimi haya ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote.

Sasa, mfuko huo kiwanda hukuanzishia tu. Kuumaliza ni kazi yako. Nyuzi za ngozi mpya zimeshikana, na hulegea kwa kukunjwa mara nyingi pale pale. Mpwa wangu hapa Voi alipata glavu ya watoto kwenye mitumba, ngumu kama ubao, na jirani akashauri tuiloweke maji. Hapana! Maji yakikauka huacha ngozi ngumu zaidi. Tulipaka mafuta kidogo sana kwa kitambaa (yakizidi, glavu huwa nzito na kulegea ovyo), akawa anadaka kila jioni, na usiku tunaweka mpira ndani na kuifunga kwa kamba.

Mtauliza, yote haya ya nini? Afrika Mashariki tuna historia yetu hapa. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda kanda yao wakafuzu mashindano ya dunia ya Little League, wakanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya hitilafu katika hati zao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na wakaifunga Oregon 3-2.

Huku Taita Taveta adui ni jua na lile vumbi jekundu. Vumbi likichanganyika na mafuta husugua ngozi kama msasa, kwa hiyo futa kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo upake. Usiiache juani au karibu na jiko, wala ndani ya gari lililofungwa. Ikilowa mvua, ikaushe kivulini taratibu. Kamba ikikatika, mpelekee fundi viatu akukatie ya ngozi. Katani ya Mwatate ni imara, sikatai, lakini ni kavu na ina makali, itapanua matundu.