Msonge wa Mianzi, Si Banda

Katika matangazo ya utalii ya Nyanda za Juu Kusini, kijumba cha mianzi alichojengewa mgeni huitwa banda. Neno lilitoka kwetu, likaingia katika Kiingereza cha hifadhi za wanyama, likarudi limevaa tai. Lakini sikio la Mswahili halidanganyiki: banda ni la kuku, la mbuzi, la mkaa. Mgeni alipe fedha zote zile kwa usiku mmoja, halafu tumlaze bandani?

Jina lenye heshima lipo: msonge. Ni nyumba ya duara yenye paa lililochongoka, na mimi nalisikia neno hili likikaa jirani na kusonga, kule kusuka nywele na kubana kitu kwa kitu. Ukuta wa mianzi hujengwa hivyo hasa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, nyumba za duara za Wanyakyusa zilimvutia kwa unadhifu wake. Na tukivuka kwenda Uheheni, nchi ya Wahehe wa Iringa, tusiburute msonge hadi huko kwa nguvu. Huko nyumba ya jadi ni tembe, yenye pembe na paa bapa la udongo. Msanifu anayetaka kufuata jadi ya Iringa kwa kuchora duara amekosea hata kabla hajakata mwanzi wa kwanza.

Mwanzi wenyewe ni neno lenye uwazi ndani yake. Ni mmea, ni filimbi, ni bomba, na tundu la pua pia ni mwanzi wa pua. Mianzi ya Mlima Rungwe, ile mirefu ya kwenye baridi, inastahili jina hilo.

Lakini mtu wa Iringa na Njombe ana jambo la kutufundisha. Kinywaji kinachogemwa kwenye machipukizi ya mwanzi wakati wa masika hukiita ulanzi, na mmea wenyewe mlanzi. Mpango huu tunaujua: mbuyu hutoa ubuyu, mkwaju hutoa ukwaju, mlanzi hutoa ulanzi. Sasa isikilize ile l. Mnyakyusa husema injala na ifula pale sisi tunaposema njaa na mvua, maana Kiswahili kiliangusha l nyingi njiani. Iangushe l ya mlanzi, unabaki na mwanzi. Kwa hiyo maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na yule wa milimani ndiye aliyehifadhi sura ya zamani. Mimi ningeyatumia yote mawili kwa kuyagawia kazi: mwanzi uwe wa kujengea, mlanzi uwe wa kugema. Fundi wa Iringa akiambiwa "usikate milanzi," ataelewa kwamba chakula cha mtu kimo humo.

Kila mwanzi una fundo na pingili. Maneno hayo tunayo tangu kwenye muwa, hatuna haja ya kuazima kwa wataalamu wa mimea. Hata hivyo nimesoma taarifa za miradi zikiandika "sehemu kati ya maungio mawili". Maneno matano kwa kazi ya pingili! Fundi akitaka kutoboa tundu la kupitishia kamba, mwambie atoboe karibu na fundo, asitoboe katikati ya pingili, maana hapo mwanzi hupasuka. Sentensi imekwisha na kazi imeeleweka.

Kwenye paa ndipo pwani inapotuonea. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na mnazi hausimami huko, lakini bado utasikia "paa la makuti". Chanzo chake nakijua. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lahaja ya kisiwa ilikuja na nyumba yake: makuti juu, boriti za mikoko chini. Milimani paa ni la nyasi, na tendo lake ni kuezeka. Kuezua ni kuliondoa, na hakuna neno la ofisini linaloweza kulitendua jambo kwa silabi chache namna hiyo. Mwanzi mzima mwembamba ni ufito, uliopasuliwa ni upapi, na ukuta uliojazwa udongo umekandikwa. Ukikandikwa, usiseme umepigwa lipu.

Kuna suala la dumuzi, mdudu anayebungua mwanzi mpaka unatoa unga. Wataalamu huandika "mianzi iliyotibiwa", kana kwamba ilikuwa na homa. Wauza mbao wa Mafinga husema mbao zilizotiwa dawa. Nawafuata hao.

Na mahali pote pa mgeni kupumzikia paitweje? Mafungo yana kanisa ndani yake, itikafu ina msikiti, fungate ina maharusi. Kituo kilikuwa na asili tamu, kutua mzigo, lakini polisi na daladala wamekwisha kukichukua. Napendekeza kitulio, kutokana na kutulia. (Uwanda wa Kitulo uko jirani, lakini kufanana kwa sauti si undugu, nisidai.) Nilivutiwa pia na ikipanga, kijiji cha rika cha Wanyakyusa alichokieleza mwanaanthropolojia Monica Wilson katika kitabu chake cha 1951, ambapo vijana wa umri mmoja walijijengea vibanda vyao. Kwa nyumba ndogo zilizokusanyika pamoja lingefaa sana, ila ukiliswahilisha linakuwa kipanga, naye huyo anakula vifaranga.

Na ile ya matangazo, "iliyochochewa na utamaduni wa wenyeji", niiache ipite? Hapana. Kuchochea ni kwa moto na fitina, na utamaduni umebeba madina, yaani mji, mgongoni mwake. Sema imefuata jadi ya Wanyakyusa, au ya Wahehe, ukitaja watu kwa jina lao.

Limebaki neno endelevu. Limeundwa vizuri, endelea na endelevu kama tulia na tulivu, lakini halisemi kitu kinaendelea vipi. Hata deni huendelea. Mwanzi hukatwa ukachipuka tena kutoka shina lilelile la chini ya ardhi bila kupandwa. Changamka hutoa changamfu, kunjuka hutoa kunjufu, basi chipuka itoe chipufu: mwanzi mchipufu, mianzi michipufu, nyumba chipufu. Nyumba ya saruji isiazimwe neno hilo, hata ikiwa na umeme wa jua juu ya paa.